Ngome Zote Tatu Zilikuwa Jela. Sasa Ufunguo Uko na Nani?

Hebu tuanze na kitu ambacho wengi hawajui, hata wale wamepiga selfi pale nje mara kumi. Fort Jesus ya Mombasa ilikuwa jela. Ngome ya Lamu ilikuwa jela. Ngome Kongwe ya Zanzibar, ile iko pale Forodhani, nayo pia ilikuwa jela. Ngome tatu, visiwa vitatu, stori ni moja.

Leo ndani ya Ngome Kongwe watu wanacheza muziki mpaka usiku wa manane. Mbele ya ngome ya Lamu, pale Mkunguni, ndipo mji unakusanyika sherehe zikifika. Fort Jesus ni makumbusho, na tangu 2011 iko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Ukiangalia haraka utasema kazi imeisha: zamani pingu, leo ngoma, asanteni kwa kuja.

Mimi nasema kazi haijaisha. Kuta hazijui kama wewe ni mfungwa au ni mgeni mwenye tiketi. Kinachogeuza jela kuwa uwanja wa watu ni mambo mawili tu: nani anaingia, na stori ya nani inachezwa ndani. Na kwa hayo mawili, sisi vijana wa Kenya bado tuna deni.

Mawe yalikuja kwa sababu ya ushuru

Wareno walianza kujenga Fort Jesus 1593, wakamaliza 1596. Aliyeichora alikuwa Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Haikujengwa kulinda watu wa Mombasa. Ilijengwa kulinda biashara ya Wareno dhidi ya watu wa Mombasa, na dhidi ya yeyote mwingine mwenye meli na njaa ya pesa za Bahari ya Hindi.

Ndio maana ilipiganiwa vile ilipiganiwa. Machi 1696 Waomani waliizingira, na mpaka inaanguka Desemba 1698 ilikuwa karibu miaka mitatu ya njaa, magonjwa na risasi. Wareno wakarudi 1728, wakafurushwa tena 1729. Waingereza nao walipofika na utawala wao, 1895 wakaifanya gereza, na ikabaki gereza mpaka 1958. Makumbusho ilifunguliwa baadaye kidogo, 1962.

Kuna kitu kimoja ndani ya ile ngome mimi hukipenda kuliko mizinga yote. Askari wa Kireno, wakiwa zamu na hawana la kufanya, walichora ukutani. Walichora meli, wakachora samaki. Fikiria, mtu amepewa bunduki na ukuta mnene, na bado anatafuta mkaa achore chombo cha kumrudisha kwao. Hata mlinzi wa jela anahitaji sanaa imtoe nje.

Lamu ni hivyo hivyo. Baada ya vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19, watu wa Lamu waliwashinda Wapate na Wamazrui wa Mombasa, halafu wakaogopa kisasi, wakatafuta ulinzi wa Oman. Ngome ikakamilika karibu 1821. Kuanzia 1910 ikawa jela, na ikabaki jela mpaka 1984. Rudia hiyo: 1984! Kenya ilikuwa huru miaka 20 na zaidi, na bado lile jengo kubwa katikati ya mji lilikuwa la kufungia watu. Kuna wazee wengi Lamu leo ambao wakipita pale wanakumbuka lango likiwa na askari jela.

Na Zanzibar? Waomani waliijenga Ngome Kongwe baada ya kuwaondoa Wareno, juu ya mahali palipokuwa na kanisa la Kireno. Karne ya 19 ikatumika kama jela. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa kituo cha kazi cha ile reli ndogo ya Bububu. 1949 ikafanywa klabu ya wanawake. Miaka ya 1990 ndipo likajengwa jukwaa la wazi, lile la ngazi za mawe za kukalia. Jengo moja limekuwa kanisa, ngome, jela, kituo cha treni, klabu na ukumbi wa michezo. Hakuna msanii amebadilisha nguo mara nyingi hivyo kwa shoo moja.

Nje ya kuta, mji ulikuwa na msimu wake

Sasa usidhani watu walikaa tu wakingoja jela zifunguliwe ndio waanze kucheza. Miji ya pwani ilikuwa na misimu ya maonyesho kabla ya bango la kwanza la tamasha kubandikwa popote.

Kalenda yenyewe ilikuwa upepo. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikayarudisha. Wageni wakifika, mji unajaa, pesa inazunguka, na ngoma zinapigwa. Angalia tarehe za leo: Sauti za Busara, tamasha la muziki la Zanzibar, lilizoeleka mwezi wa Februari, ndani ya kaskazi. Tamasha la filamu la Zanzibar, ambalo jina lake la Kiswahili ni Tamasha la Nchi za Jahazi, lilizoeleka katikati ya mwaka, kusi ikivuma. Watalii wanakuja na ndege siku hizi, lakini msimu haujafa.

Kisha kulikuwa na mashindano. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20 pwani ilishikwa na Beni, ngoma ya tarumbeta na magwaride. Mombasa kulikuwa na Kingi na kulikuwa na Skochi. Watu wa kawaida walivaa sare, wakajipa vyeo vya kijeshi, wakaandamana barabarani wakishindana nani ana nguo kali, nani ana bendi kali, nani amechinja ng'ombe wengi zaidi. Wengine walisema ni kuiga wazungu, wengine wakasema ni kuwachekesha. Nadhani ilikuwa yote mawili. Kibarua wa bandarini siku ya wiki, jenerali siku ya ngoma. Kama hiyo si tamthilia, basi hatujui tamthilia ni nini.

Kule Makunduchi, kusini mwa Unguja, Mwaka Kogwa bado unafanyika kila Julai. Wanaume wanapigana kwa migomba, kila mtu anamalizana na aliyemkasirisha mwaka mzima, wanawake wanaimba wakiwa wamependeza, na kibanda cha makuti kinachomwa moto. Hakuna jukwaa, na waigizaji hawalipwi. Kila mtu aliyepo ana kazi yake katika mchezo. Weka hiyo akilini, nitairudia.

Mtu aliyefungua mlango Lamu

Ukiniuliza ni nani mwanzilishi wa tamasha la kweli Pwani ya Kenya, sitakutajia ofisi yoyote. Nitakutajia Habib Swaleh.

Alizaliwa Ngazija, Komoro, ukoo wa masharifu wa Jamalil-Layl, akaja Lamu akiwa kijana kusoma. Lamu ya wakati huo ilikuwa imegawanyika vibaya. Kaskazini, Mkomani, kulikuwa na nyumba za mawe za waungwana. Kusini, Langoni, kulikuwa na vibanda vya udongo na makuti vya wageni, maskini, watumwa na waliowahi kuwa watumwa. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria upande huu wa pwani 1907 tu. Elimu ya juu ya dini ilikuwa ya koo fulani. Kama hukuzaliwa kwenye koo hizo, ulikuwa na nafasi yako na ulitarajiwa ukae hapo.

Habib Swaleh angeweza kukaa Mkomani na kuheshimiwa. Nasaba yake ilitosha. Akaenda kukaa Langoni. Akafundisha dini wale ambao mji ulisema hawafundishiki. Na akaleta maulidi ya al-Habshi kutoka Hadhramaut, maulidi yanayosomwa na matwari yakipigwa. Baadhi ya wanazuoni wa mji walikasirika: ngoma msikitini? Na hao ndio wanaingia? Yeye akaendelea. Msikiti wa Riyadha ukajengwa huko huko Langoni, na ukawa chuo kikubwa ambacho wanafunzi wake wametawanyika Afrika Mashariki yote.

Mpaka leo, mwezi wa Mfungo Sita ukifika, Lamu inafurika. Watu wanatoka Tanzania, Komoro, Uganda na kila pembe ya Kenya. Wengi hawalali hotelini. Wanalala kwa watu. Sufuria kubwa zinawekwa motoni, wali unapikwa, wanaume wa kanzu nyeupe wanacheza goma na bakora zao mbele ya msikiti, kuna mashindano ya punda na ya majahazi, na zefe inapita mjini kwa matwari. Sasa tuelewane: Maulidi ni ibada, si shoo. Lakini kama somo la jinsi kusanyiko linavyoishi zaidi ya miaka 100, hakuna darasa bora kuliko hili.

Limeishi kwa nini? Kwa sababu waliofungiwa nje ndio walifanywa wenyeji. Mtu aliyeambiwa hana nafasi alipewa twari ashike, sufuria akoroge na mgeni amlaze. Kitu kama hicho huwezi kukifuta kwa barua, maana hakikuanzishwa kwa barua.

Matamasha mapya na tatizo la lango

Tuje kwa matamasha ya kisasa. Tamasha la filamu la Zanzibar lilianza 1998. Lamu ilipata tamasha lake la utamaduni mwanzoni mwa miaka ya 2000, karibu na wakati ambao mji wa kale uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO, 2001. Sauti za Busara ilianza Februari 2004 ndani ya Ngome Kongwe.

Sitakaa hapa nijifanye mjuaji nikisema haya matamasha ni ya wazungu. Si kweli. Bi Kidude alipanda jukwaa la Sauti za Busara mara nyingi kabla ya kufariki Aprili 2013, bibi aliyepiga ngoma za unyago, akisimama mahali ambapo zamani wafungwa walilala. Tamasha la filamu limepeleka picha mpaka vijijini Unguja na Pemba, kwa watu wasiofika mjini. Tiketi za Sauti za Busara zimekuwa na bei tofauti, raia wa Tanzania akilipa kidogo kuliko mgeni wa ng'ambo. Lamu wanashindana kuogelea, bao, punda, majahazi, mashairi na hina. Mshindi wa punda ni kijana wa pale pale, si msanii wa kuletwa. Hayo yote ni ya kupongeza.

Lakini 2016 Sauti za Busara haikufanyika. Pesa za wafadhili hazikutosha, ikabidi waahirishe, wakarudi 2017. Hapo ndipo unaona tofauti. Tamasha la jukwaa, vyombo vya sauti, taa na tiketi za ndege za wasanii ni kitu ghali, na tiketi za mlangoni peke yake hazibebi huo mzigo. Mfadhili akikunja mkoba, kimya. Si kosa la waandaaji. Ndivyo kitu kilivyojengwa. Mwaka Kogwa haina wa kukunja mkoba. Migomba ipo shambani.

Kuna wale watasema: basi watalii waje kwa wingi, wao wana chapaa. Sawa, na nahodha, mwenye nyumba ya wageni na mama wa mahamri wote wanahitaji hiyo chapaa. Sipingi. Ninachosema ni kwamba mgeni ana miji mingi ya kwenda. Mwaka mmoja atasikia habari mbaya ya usalama, mwaka mwingine kutakuwa na korona, na hatakuja. Lamu inajua hiyo vizuri: 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, kaunti iliwekewa kafyu ya usiku kwa miezi. Anayebaki wakati huo ni mwenyeji. Kama mwenyeji alizoeshwa kukaa nje ya lango akisikia muziki tu kwa mbali, hatakuwa na sababu ya kulifungua.

Ngome ya Hamlet, na ngome ya Yusuf

Nikupeleke mbali kidogo, halafu turudi Mombasa.

Huko Denmark kuna ngome inaitwa Kronborg, katika mji wa Helsingør. Nayo ilisimama kwenye mlango wa bahari, ikilinda ushuru wa meli. Nayo ikawa jela kwa muda mrefu. Shakespeare akaiweka Hamlet ndani ya ngome hiyo, akiita mji Elsinore. 1816, miaka 200 baada ya Shakespeare kufa, Hamlet ikachezwa Kronborg kwa mara ya kwanza. Na waliocheza walikuwa nani? Askari wa pale pale ngomeni. Baadaye, 1937, Laurence Olivier akaenda kucheza huko na kundi kutoka London, na tangu hapo watu kutoka dunia nzima wanaenda majira ya kiangazi kuona Shakespeare ndani ya ile ngome.

Mwana wa mfalme mwenyewe ni wa hadithi. Hakuna Hamlet aliyetembea kwenye zile kuta.

Sasa rudi Mombasa. Sisi tuna mwana wa mfalme wa kweli. Anaitwa Yusuf bin Hassan. Baba yake alikuwa sultani, akauawa katika ugomvi na Wareno. Mtoto akapelekwa Goa, akalelewa na Wareno, akabatizwa, akapewa jina Dom Jerónimo. Alipokuwa mtu mzima wakamrudisha Mombasa awe mfalme wao, mtiifu, Mkristo, wa kuamrishwa. Agosti 1631 akaingia Fort Jesus na watu wake, akamuua kapteni wa Kireno, akarudi kwa Uislamu na jina lake la kwanza, na Wareno wa mji wakauawa au wakatekwa. Wareno wakaleta meli kuichukua ngome tena, wakashindwa. Na bado, 1632, akaiacha ngome mwenyewe, akaenda baharini kuwa haramia.

Soma tena hiyo aya polepole. Baba ameuawa. Mtoto amelelewa na waliomuua. Majina mawili, dini mbili, kisasi, ushindi, halafu anauacha ushindi wenyewe. Si shujaa safi, maana pale palimwagika damu ya wanawake na watoto pia. Si mhaini tu. Ni mtu. Hiyo ni tamthilia ambayo waandishi wa dunia wangeuza figo waipate, na mahali ilipotokea pamesimama mpaka leo, mawe yale yale, lango lile lile.

Niambie ukweli: shuleni ulisoma nini kumhusu? Sentensi mbili, pengine. Na ni wangapi kati yetu tumeona stori yake ikichezwa ndani ya Fort Jesus, usiku, taa zikimulika zile kuta, na kijana wa Kibokoni au Majengo akisimama pale akisema kwa Kiswahili cha Mvita: jina langu si Jerónimo?

Basi tufanyeje?

Haina haja ya kungoja bajeti ya mamilioni. Kronborg ilianza na askari wa kambi, Beni ilianza na vibarua, na Riyadha ilianza na mwalimu na watu waliokatazwa kusoma. Hakuna hata moja iliyoanza na mdhamini.

Kila shule ya sekondari nchi hii inajua tamasha la drama ni nini. Tumekua tukifanya mazoezi ya maigizo mpaka saa mbili usiku. Halafu tukimaliza Form Four ile talanta yote inaenda kuwa video za sekunde 30. Mimi mwenyewe ninaishi kwa hizo video, sizitukani. Lakini video inapita na kesho kuna nyingine. Agosti itarudi kila mwaka, na ngome haihami. Kundi la vijana 15, ruhusa ya makumbusho, mwandishi mmoja mwenye kalamu, siku moja kila Agosti, tiketi ambayo mtu wa tuktuk anaweza kulipa. Mwaka wa kwanza watakuja jamaa na marafiki. Mwaka wa tano mji utakuwa unauliza: mbona hamjabandika tarehe?

Na wewe unayetoka Nairobi na treni kila Desemba, usiishie ufukweni. Ingia ndani ya ngome. Halafu ukisikia tamasha lolote kwenye mji wa kale, Lamu, Mombasa au Unguja, uliza maswali matatu kabla ya kununua tiketi. Wenyeji wanaingia kwa bei gani? Stori inayochezwa ni ya nani? Na wafadhili wakiondoka kesho, nani atapika wali?

Ukipata majibu mazuri, nenda, cheza mpaka viatu vilie. Ukipata kimya, basi jua ile jela bado haijafunguliwa vizuri. Wamebadilisha tu mtu wa langoni.